Jumamosi Sita Kwenye Kota za Mgodi

Jumatano, 17 Julai

Tumefika Mpanda saa nane mchana, watu ishirini na mmoja juu ya lori ambalo juzi lilibeba ng'ombe. Kutoka Usevya mpaka hapa tumekula vumbi. Nyanda, manju wetu, alikaa mbele na dereva, vioo vimefungwa. Aliposhuka alikuwa msafi kama anakwenda kuoa, na sisi tulikuwa wekundu mpaka kwenye kope.

Hatukai mjini. Kamati ya tamasha imetupa kota za mgodi wa zamani, nje kidogo ya mji. Hapa walichimba madini ya risasi, na reli ililetwa mpaka Mpanda kwa ajili hiyo. Mgodi ulifungwa kabla ya Uhuru. Zimebaki safu sita za kota, nyingine hazina mabati, misingi ya zege mikubwa kuliko kanisa letu, na kilima cheupe cha mchanga uliotolewa chini, ambacho hakioti hata jani moja.

Tutakuwa hapa Jumamosi sita. Majukwaa mawili yametazamana kwenye uwanja wa zamani wa mpira wa wafanyakazi. Vikundi viwili vinapiga kwa wakati mmoja, jozi baada ya jozi, na watu wanakwenda wanakopenda. Muda wa jozi ukiisha majaji wanapuliza filimbi na kuangalia wengi wako wapi. Hakuna alama nyingine. Kukashifiana kwa nyimbo kunaruhusiwa, na kusema kweli ndicho watu wanachokuja kusikia.

Mimi ndiye ninayeandika nyimbo. Nyanda anatunga kwa mdomo, halafu anasahau. Nina kidato cha nne, nina kauntabuku, na nina sauti ya kuongoza kiitikio. Mbele za watu ananiita kichwa chake cha pili. Tukiwa wawili ananiita wewe.

Jumamosi, 20 Julai

Tumepigwa. Wala si kupigwa, tumefagiwa.

Tulipangwa na mzee mmoja wa hapahapa, Telesphor Enoka, Mfipa, miaka sitini na nane, mwembamba kama mpini. Alizaliwa kwenye kota hizi na hajawahi kuhama. Hana mavazi ya maana. Ana ngoma tatu tu, na kubwa inapigwa na rafiki yake Leonidas, mzee mwenzake aliyekua naye mlango kwa mlango. Sisi tulikuwa na njuga, manyoya, na nyoka wawili kwenye sanduku. Watu walitutazama kwa dakika kumi. Kisha Telesphor akaanza ule wimbo wa baba yake.

*Baba alishuka na taa,*
*hakupanda nayo.*
*Wenzake walimwita chini,*
*hakuwaacha.*

Basi. Wimbo mfupi hivyo. Baba yake alikuwa mchimbaji, ajali ikatokea shimoni, akateremka kuokoa wenzake na akafia huko. Mpanda nzima wanaujua. Niliwaona watu wanatupa mgongo, mmoja, wawili, halafu kama maji. Filimbi ilipolia mbele yetu walikuwa wamebaki wauza karanga na mlevi mmoja.

Tulipofika kota Nyanda alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku la nyoka. Alimfungua nyoka mmoja, akamponda kichwa kwa kisigino cha kiatu, akaenda kulala.

Jumatatu, 22 Julai

Baridi asubuhi. Mazoezi.

Jumatano, 24 Julai

Nimempata mwenyeji. Kwenye kota ya mwisho, safu ya sita, anaishi bibi mmoja anaitwa Dorotea. Anasema ana miaka themanini na tatu, na nywele amezipaka rangi nyeusi. Nilipita nikitafuta maji, akaniita.

"Wewe binti wa ngoma. Njoo unibebee kiti."

"Shikamoo, bibi. Kwenda wapi?"

"Marahaba. Kwenda ninakokwambia."

Nikambebea kiti. Tulizunguka mgodi mzima, hatua hamsini tunapumzika, hatua hamsini tunapumzika. Ananusa ugoro, anapiga chafya, anaonyesha kwa fimbo. Hapa palikuwa na kinu cha kusagia mawe, usiku na mchana kinanguruma, na siku kiliponyamaza watoto walilia hawawezi kulala. Pale klabu ya Wazungu. Lile shimo lenye vigae vya bluu ni bwawa lao la kuogelea. Sasa mbuzi wanazalia humo, kwa sababu upepo haufiki.

Yeye alikuwa dobi kwa meneja. "Nilikuwa mzuri," alisema, "usinitazame hivyo. Kulikuwa na wanaume elfu mbili hapa na wote walijua siku yangu ya kupiga pasi."

Nimecheka leo kuliko wiki nzima.

Jumamosi, 27 Julai

Tumeshinda. Kikundi cha Mishamo, walicheza vizuri, lakini tarumbeta yao iliharibika. Upepo mwingi, mchanga mweupe machoni.

Jumatatu, 29 Julai

Dorice, mmoja wa waitikiaji wetu, alikosea kiitikio juzi, akapanda juu wakati wenzake wanashuka. Leo Nyanda amemsimamisha juu ya kile kilima cheupe, juani, akamwambia aimbe ule mstari mpaka atakapoambiwa basi. Sisi tulikaa chini kwenye kivuli cha ukuta. Aliimba kuanzia saa tano. Mwanzoni watu walimpigia makofi. Kisha sauti ikaanza kupasuka, ikawa kama ya jogoo mchanga, na tukacheka. Nyanda naye alicheka, akatuletea soda. Saa saba Dorice alikuwa anafungua mdomo tu, hakuna kinachotoka.

"Sasa ameuelewa," Nyanda alisema.

Nilicheka na mimi. Naandika kwa sababu nimejiambia humu niandike kweli. Nilimwogopa Nyanda na nilimpenda kwa wakati mmoja, jinsi mtu anavyopenda moto wakati wa baridi. Tena nilifurahi si mimi niliye juu ya kilima.

Alhamisi, 1 Agosti

Kiti cha bibi Dorotea mgongoni kama mtoto. Leo tumefika kwenye ofisi ya mishahara. Mkuyu umeota ndani na kutokea dirishani. Amenionyesha ukuta ambao vijana walichora majina yao kwa misumari, akapitisha kidole juu ya moja. "Stanslaus. Kaka yangu. Alijifunza kuandika hilo neno moja tu." Akanisukuma twende.

Ananipikia viazi. Ananisema nakula kama ndege. Nimemwambia mambo ambayo sijamwambia mama.

Jumamosi, 3 Agosti

Tumeshinda tena. Telesphor naye ameshinda. Anashinda kila wiki kwa wimbo uleule.

Jumanne, 6 Agosti

Sijui nianzie wapi. Naanzia kwenye shimo.

Nilimwomba bibi anipeleke kwenye mdomo wa shimo alikofia baba yake Telesphor. Nilitaka kuona tu. Limefunikwa kwa vyuma vya reli, na kando yake kuna nyumba ndogo ya matofali isiyo na paa. Nikasimama pale nikauimba kidogo ule wimbo, baba alishuka na taa.

"Hakushuka," alisema bibi.

Nilidhani nimesikia vibaya.

Alikaa kwenye kiti chake na kunusa ugoro muda mrefu. Kisha akasema, bila kunitazama. Enoka hakuwa mchimbaji. Alikuwa mwendesha mashine, kazi yake kukaa humu ndani ya hii nyumba ndogo na kushusha na kupandisha kizimba cha chuma kinachobeba watu. Mwaka wa hamsini na nane, asubuhi ya Jumatatu, alikuja kazini na pombe ya kangara ya Jumapili bado kichwani. Alilala kwenye mkono wa mashine. Watu wanne walikuwa ndani ya kizimba. Kengele ililia kutoka chini, ikalia, ikalia, mpaka watu wa kinuni wakaisikia. Yeye hakuisikia. Kizimba kilikwenda chote mpaka chini.

"Kaka yangu alikuwemo. Na Selestine, baba yake Leonidas, huyu anayepiga ngoma. Mkewe alikuwa na mimba ya Leonidas."

Enoka alipozinduka na kuelewa, aliingia kwenye nyumba ya pampu akajinyonga kwa kamba ya mashine. Telesphor alikuwa na miaka miwili.

"Tulimzika pamoja na wale wanne," alisema. "Wanaume walikataa. Wake zao ndio waliosema azikwe. Halafu yule mtoto akawa anauliza baba yuko wapi. Mimi ndiye niliyemwambia. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilimbeba, nikamwambia baba yako alishuka na taa kuwasaidia wenzake. Lilinitoka tu. Na wote waliosikia wakalishika hivyohivyo. Mama yake, majirani, hata mama yake Leonidas. Hakuna aliyekaa akapanga. Akakua nalo, akalitungia wimbo. Ungemwambia nini?"

"Nani mwingine anajua?"

"Wamekufa. Nimebaki mimi." Ndipo akanitazama. "Nimekwambia kwa sababu nitakufa karibuni, na mtu akifa na jambo kama hili linakuwa kama kaka yangu hakufa kwa chochote. Usilitoe nje, Kija."

"Sitalitoa, bibi."

Nilimwambia hivyo nikiwa nimemshika mkono. Na wakati nasema, nilikuwa tayari nasikia jinsi linavyoweza kuimbwa.

Jumatano, 7 Agosti

Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane. Watu wote wako mjini. Nimefua. Milima ya upande wa Mwese haionekani kwa moshi, wanachoma pori.

Ijumaa, 9 Agosti

Nyanda ametukusanya. Jumamosi ijayo, tarehe kumi na saba, tunapangwa tena na Telesphor. Tukishindwa hatufiki fainali.

"Nyimbo zenu ni za kipaimara," alisema. Alikuwa ananitazama mimi. "Nimesikia kuna msichana Sitalike anaandika vizuri, ana simu kubwa, anarekodi. Sijui kama tunahitaji tena kauntabuku."

Dorice alitabasamu. Sauti yake bado haijarudi, lakini alitabasamu.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimemwambia.

Tumeshinda leo lakini kwa watu kiduchu, na baada ya filimbi Nyanda alipita mbele yangu kama anapita ukuta. Nikamfuata nyuma ya jukwaa. Nikasema nina kitu. Nilisimulia chote, nyumba ya matofali, kengele, kangara, kamba. Hakunikatiza hata mara moja. Sijawahi kusikilizwa hivyo na mtu yeyote maishani mwangu.

Nilipomaliza alinishika kichwa kwa mikono miwili. "Mayu," aliniita, jina ambalo kwetu mwanamume anamwita mama yake. "Mayu, umeniua na kunifufua."

Akakaa chini palepale akaanza kutunga, nami naandika. Beti zilimtoka kama zilikuwa zinamsubiri. Lakini kiitikio kilikataa. Alijaribu hiki, kile, akapiga ngumi ukuta. Nikasema, taratibu:

*Lala, Enoka, lala,*
*mashine inajua njia.*

Akakiimba mara moja. Kisha akacheka mpaka akashika tumbo. Aliwaita wote, akawaambia hicho ni cha Kija, kichwa chetu cha pili, na wakanipigia makofi.

Nilikuwa na furaha. Sitaki kuandika zaidi leo.

Jumatano, 14 Agosti

Tunafanya mazoezi nyuma ya kilima cheupe, kwa sauti ya chini, mtu asisikie. Kiitikio kinashika haraka. Hata dereva anaimba akifunga tairi.

Bibi Dorotea alinitumia viazi kwa Yunus, mchezaji wetu anayechota maji upande wake. Aliuliza kwa nini siku hizi siji kumbebea kiti. Nimemwambia Yunus aseme nina malaria.

Jumamosi, 17 Agosti

Nitaandika kwa mpangilio, ndivyo nitakavyoweza.

Joto. Watu wengi kuliko wiki zote, wamejaa mpaka kwenye tuta la reli. Bibi Dorotea alikuwepo, kaletwa na jirani, kiti chake mbele kabisa upande wa Telesphor. Aliniona, akanipungia fimbo.

Tulianza nyimbo za kawaida, Telesphor vilevile. Saa kumi akaingia kwenye ule wimbo wa baba, na watu wakaanza kumwagikia kwake kama kawaida. Nyanda akawanyamazisha wapigaji wetu. Akauacha uwanja umsikilize Telesphor peke yake, ubeti mzima. Nilidhani ameghairi. Sijui kama nilitaka aghairi au la.

Kisha akajibu kwa sauti yake kubwa, bila ngoma.

*Mwana, baba hakushuka,*
*baba alikaa juu.*
*Kengele ililia, ililia,*
*kangara imemfunga masikio.*

Watu waligeuka. Telesphor aliendelea kuimba mstari mmoja zaidi, kisha akasimama.

*Wanne walishuka kwa kizimba,*
*mmoja alishuka kwa kamba.*
*Iulize nyumba ya pampu*
*ilimbeba kilo ngapi.*

Na mimi nikaingia. Ni kazi yangu, nyuma yangu wanawake tisa. *Lala, Enoka, lala, mashine inajua njia.* Tukakiimba polepole, kama mtu anavyombembeleza mtoto, huku tunatikisa mikono mitupu. Mara ya kwanza watu walinyamaza. Mara ya pili mtu mmoja akacheka. Mara ya tatu waliimba nasi.

Walikuja. Sijaona watu wakija hivyo. Walivuka uwanja wanaimba, wanatikisa mikono, na waliotangulia walikuwa walewale niliokuwa nawaona kila Jumamosi wakimlilia Telesphor. Mama mmoja aliyekuwa ananiuzia nyanya alikuwa anacheka machozi yakimtoka.

Telesphor alisimama jukwaani na mdomo wazi. Hakutazama upande wetu. Alimtazama bibi Dorotea. Alimtazama tu, kama mtoto anayesubiri mkubwa aseme si kweli. Ni mimi peke yangu niliyejua kwa nini anamtazama yeye, kwamba yeye ndiye aliyembeba. Na bibi akainamisha kichwa.

Hapo ndipo Leonidas alipoacha kupiga. Alikuwa bado anagonga ngoma kubwa, taratibu, kumsubiri rafiki yake arudi kwenye wimbo. Alimwona bibi anainama. Akaweka mikwiro ya ngoma chini, mmoja, kisha wa pili, kwa adabu kama mtu anayeweka vyombo. Telesphor akamwambia kitu. Leonidas akashuka jukwaani, akapita katikati ya uwanja peke yake, akaja akasimama upande wetu. Hakuimba. Alisimama tu, ahesabiwe.

Filimbi ikalia.

Nyanda alinibeba mabegani. Kutoka juu nilimwona bibi anajaribu kuinuka kwenye kiti na hakuna wa kumsaidia, wote walikuwa kwetu.

Jumapili, 18 Agosti

Nimekwenda kwake asubuhi. Aliongea akiwa ndani, mlango umefungwa.

"Nilikwambia Jumanne. Ulimwambia lini?"

Niliweka kiganja kwenye mlango.

"Nimekuuliza."

"Jumamosi ile, bibi."

"Siku nne." Nilimsikia anahema. "Hapa kulikuwa na watu wabaya, Kija. Walevi. Walioibiana wake, waliochomana visu kwa ajili ya kuku. Mama yake Leonidas alimchukia Enoka mpaka anaingia kaburini. Wote hao walinyamaza miaka sitini na sita. Na wewe uliyesoma, siku nne."

"Nisamehe, bibi."

"Usinipe kazi ya kukusamehe. Nimechoka."

Nilikaa kizingitini mpaka jua likanifikia.

Jumanne, 20 Agosti

Watoto wanateleza kwenye kilima cheupe wanauimba. Bodaboda wanauimba. Muuza mkaa amepita anapiga mluzi kiitikio changu.

Jumatano, 21 Agosti

Nyanda anataka wimbo mwingine wa kumalizia. Ameniuliza yule bibi ana nini kingine. Nilisema hana. "Wazee wana mengi," alisema. "Mpelekee sukari."

Nimemtazama akila. Anakula vizuri, kwa utulivu, anampa Yunus nyama kubwa kuliko yake. Nilizoea kudhani kuna mahali ndani yake panapojua anachofanya. Sasa nafikiri hakuna, na nafikiri hata alipomweka Dorice juani alikuwa anasikiliza sauti tu.

Alhamisi, 22 Agosti

Telesphor amekuja. Saa nne asubuhi, wenzangu wako mtoni, nilikuwa peke yangu nachambua mchele. Alisimama mbali na mlango, kofia mkononi.

"Hodi, binti. Ni wewe unayeandika?"

"Shikamoo, mzee. Ni mimi."

"Marahaba. Naomba uniimbie wote. Siku ile sikuusikia mpaka mwisho, masikio yalikuwa yanavuma. Na huko njiani kila mtu ana kipande chake."

Nilimwambia siwezi.

"Uliweza mbele ya watu elfu," alisema. Hakuwa amekasirika. "Mimi ni mmoja."

Akakaa kwenye tofali. Nikachukua kauntabuku, ingawa naujua kwa moyo, ili niwe na pa kutazama. Nikauimba. Beti zote sita. Kiitikio nilikisema tu, bila sauti ya kuimba, akanyoosha mkono. "Hapana. Kama mlivyoimba." Nikaimba kama tulivyoimba. Alikuwa anafuatisha mapigo kwa kidole juu ya goti, sidhani kama alijua.

Nilimaliza. Kuku walikuwa wanakula mchele kwenye ungo wangu na sikuwafukuza.

"Ni wimbo mzuri," alisema. "Nimetafuta kasoro tangu Jumamosi. Kiitikio ni cha Nyanda?"

"Changu."

Alitikisa kichwa kama fundi anayeoneshwa kazi ya fundi mwenzake. Nilitamani anitemee mate.

"Niandikie kwenye karatasi. Wajukuu zangu wanaulizwa shuleni. Bora waupate kwangu."

Niliandika kwa mwandiko wangu wa mtihani, naye akasubiri. Alipoipokea aliishika mbali na macho, akasoma kwa midomo.

"Hapa mnasema wanne. Ni akina nani?"

"Stanslaus, kaka yake bibi Dorotea. Na Selestine, baba yake mzee Leonidas."

"Hao wawili."

"Wengine sijui."

"Bibi hakukutajia?"

Nilikumbuka siku ile kwenye shimo. Niliuliza nani mwingine anajua. Hilo ndilo nililouliza.

"Sikumuuliza," nilisema.

Akakunja karatasi mara nne, akavaa kofia. Nilimfuata kwa macho. Hakwenda upande wa kwake. Alikwenda safu ya sita, akasimama kwenye mlango ambao haujafunguliwa tangu Jumapili, akabisha. Alisubiri sana. Kisha akaita, si "bibi" wala "mama," alimwita "dada Doro," kwa sauti ndogo. Mlango ukafunguka, akaingia.

Jumamosi, 24 Agosti

Fainali. Tulipangwa tena na Telesphor, ushindi wake wa wiki za nyuma ulimfikisha, lakini jukwaa lake halikuwa na mtu. Majaji walisubiri nusu saa, wakatupa ushindi. Watu walidai ule wimbo na tukaupiga mara tano. Leonidas hakuja. Ile ngoma kubwa bado iko pale jukwaani tangu Jumamosi iliyopita, hakuna aliyekwenda kuichukua, si yeye wala Telesphor.

Nyanda alipewa kombe na hakulifurahia. Kushinda jukwaa tupu si kushinda, alisema. Mwaka kesho atamtafuta mwenye kikundi kikubwa.

Jumatatu, 26 Agosti

Tumeondoka. Nilikwenda safu ya sita kuaga. Kulikuwa na kiti nje na fimbo imeegemezwa, na sauti za watu wawili ndani, wanaongea chini chini. Sikubisha.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimemwambia Nyanda sitaendelea. Alisema sawa. Ametuma mtu achukue kauntabuku ya nyimbo, nikaitoa. Hii ya siku zangu nimebaki nayo.

Jumanne, 22 Oktoba

Joto la kuua. Ng'ombe wa baba wanatafuna maboksi.

Yunus amepita kutoka Mpanda. Bibi Dorotea amefariki wiki mbili zilizopita. Amezikwa na Telesphor na majirani wachache. Nilimuuliza kama Leonidas alikuwepo. Alikuwepo, alisema, ila alisimama upande wa pili wa kaburi, na wazee wale wawili hawakusalimiana.

Jumapili, 8 Desemba

Mvua imeshika. Tangu alfajiri tuko mashambani, tunalima majaruba ya mpunga, matope mpaka magotini. Dada yangu Felista amejifungua miezi mitatu iliyopita, na mama amekaa na mtoto kwenye kibanda cha kuwingia ndege.

Mchana nilikwenda kunywa maji. Mtoto alikuwa analia, meno au tumbo, na mama anamtikisa na kumwimbia. Nilikuwa nimekwisha kupiga funda la pili ndipo nikasikia anachoimba. *Lala, Enoka, lala.*

"Mama, usiimbe huo."

"Kwa nini? Wanawake wote wanauimba. Si wako huu?"

"Unajua Enoka ni nani?"

"Mtoto fulani mkaidi, sijui." Alicheka. "Au ni nani?"

Nilifungua mdomo nimwambie. Niliona ningelazimika kuanza tena na nyumba ya matofali, na kengele, na kamba, na mama angesikiliza, na kesho angemsimulia mama Silvesta shambani. Nikasema sijui.

"Basi shika wewe, mwimbie unaoutaka," alisema, akanipa mtoto na kwenda zake kukoroga uji.

Alilia zaidi alipoona si mama. Nilimwimbia wa kanisani, akajinyoosha kama upinde. Nikajaribu wa shule, akalia mpaka sauti ikakatika. Felista alisimama jarubani, jembe mkononi, akanipigia kelele, "We Kija, unamfanya nini mwanangu?" Nilitafuta wimbo mwingine wowote kichwani, na hakukuwa na mwingine. Nikamweka begani, nikageukia ukuta wa nyasi wenzangu wasinione, nikamwimbia ule, kwa sauti ya chini, polepole, kama tulivyouimba pale uwanjani. Kufika mara ya tatu alikuwa amelala.